Nafasi Tupu kwenye Jalada la Chemchemi

Felista Mwasubila hutembea na funguo kumi na moja kiunoni, na akipita kwenye korido ya Hospitali ya Ikisa ungedhani ng'ombe mwenye kengele amepotea njia. Usimcheke. Funguo hizo ni za masjala, na masjala ya Ikisa si kama ofisi zenu za mjini zenye kompyuta moja na kalenda tatu. Ni chumba kizima cha makaratasi, tangu siku wamisheni walipojenga wodi ya kwanza kwa mawe wakaiita Ikisa, yaani huruma, kwa sababu mgonjwa asiye na kitu alipokelewa sawa na mwenye ng'ombe arobaini. Humo mna barua zenye mwandiko uliojikunja kama mkia wa nguruwe, rejesta za waliolazwa, mihtasari ya vikao ambavyo wajumbe wake wote wameshazikwa. Wasomi wanaziita nyaraka. Sisi ambao shule ilituacha njiani tunaziita makaratasi, na tunaziheshimu kuliko wao.

Kuzitunza si kazi ya kitoto, maana mvua ya Rungwe si yale manyunyu mnayoyapigia picha huko kwenu. Hapa inanyesha mpaka viatu vinaota ukungu kabatini. Kwa hiyo jua likijitokeza, wake za watu wanaanika maharage, Felista anaanika mafaili. Anafunga kamba kutoka dirisha la masjala hadi kwenye nguzo ya jiko la wagonjwa, anayabana kwa vibanio vya nguo, kisha anakaa chini yake juu ya kigoda kama anayefukuza ndege kwenye ulezi. Kwa miaka thelathini na sita halijapotea faili hata moja. Kila mtu pale hospitali alikuwa akisema hivyo, na kila walipomsifu Felista aliinama kama anatafuta sindano sakafuni.

Walidhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani. Ilikuwa ni hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ndani ya jalada namba nne, rafu ya tatu kutoka chini.

Jumatatu moja, miezi miwili kabla ya kustaafu kwake, katibu wa hospitali aliingia masjala bila kubisha. Huyu aliitwa Prosper, mtu wa Moshi, kijana mwenye adabu na viatu ambavyo matope ya Tukuyu yalikuwa bado hayajavishinda, ingawa yalikuwa yanajitahidi.

"Shikamoo, Mama Tulia."

"Marahaba, Katibu."

"Naomba jalada la chemchemi. Alhamisi tumeitwa baraza la kata, Masukulu. Shemeji yako Erasto amepeleka malalamiko. Anadai eneo la chemchemi ni la marehemu baba yake, hospitali ilijichukulia tu. Anataka kupanda parachichi, na bomba letu anataka liondoke."

Felista aliligeukia jalada namba nne. Akashika rafu.

"Karatasi ya kutolewa lile eneo tunayo?" Prosper akauliza.

"Ipo."

"Imekamilika?"

"Ipo," Felista akarudia.

Ungekuwa mtu wa kwetu ungesikia kwamba swali limejibiwa nusu. Prosper hakusikia. Alishukuru, akasema ataipitia Jumatano jioni, akaondoka akiruka madimbwi.

Sasa ujue maji yale ni nini. Chemchemi iko juu, upande wa Masukulu, chini ya migomba ya ukoo wa Mwasubila. Bomba linatoka pale, linashuka mpaka kwenye tangi la hospitali, na kutoka kwenye tangi linakwenda wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, na jiko ambalo ndugu za wagonjwa wanapikia. Bomba likikatwa, mama anayejifungua Ikisa ataoshwa kwa maji ya ndoo kutoka mtoni.

Na karatasi ilikuwa na tatizo. Iliandikwa vizuri kwa taipureta, ina muhuri, ina sahihi ya katibu wa zamani ambaye sasa ni marehemu, ina alama ya kidole gumba. Lakini pale inaposema nani ametoa eneo, imeandikwa hivi: "Mzee", halafu nafasi tupu pana kiasi cha vidole vinne, halafu "Mwasubila wa Masukulu". Na akina Mwasubila Masukulu, ukirusha jiwe bila kutazama, utampiga mmoja wao.

Aliyeacha nafasi ile ni Felista mwenyewe.

Msimlaumu kabla hamjanisikiliza. Mzee aliyetoa chemchemi alikuwa baba wa Lugano, mume wake. Na mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa sawasawa humwogopa mkwe wake wa kiume, ndiyo kutila kwenyewe. Hakutani naye njiani. Akimwona anakuja, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hamtazami usoni. Jina lake halitamki, wala haliandiki. Mabinti wa siku hizi wa mjini Makandana wanakula meza moja na wakwe zao na kuwatumia picha kwenye simu, haya, ni mambo yao. Felista hakulelewa hivyo. Mkwe wake alimjua kwa kikohozi, kwa koti la kijivu na kwa nyayo za makubazi ya matairi.

Mwaka ule wa tisini alikuwa ameolewa miaka miwili, mjamzito, tumbo limegusa meza. Mzee alipokuja ofisini kuweka kidole, Felista alitokea mlango wa nyuma akasimama kwenye mvua mpaka kikohozi kilipoondoka. Kidole kiliwekwa mwishoni mwa karatasi tupu, maneno yangefuata. Katibu akamwambia achape. Akachapa, tata tata tata, mpaka alipofika kwenye jina. Vidole vikagoma. Akasogeza mashine mbele, akaacha nafasi, akachapa iliyobaki. Mpango wake ulikuwa kumwita tarishi aijaze kwa kalamu. Kabla hajamwita, uchungu ukamshika palepale kitini, na waliomwinua walimpeleka moja kwa moja wodi ya wazazi, akamzaa Tulia.

Aliporudi kutoka likizo ya uzazi, karatasi ilikuwa imepigwa muhuri na kuwekwa jaladani. Hakuna aliyeisoma. Wakubwa hawasomi, wanasaini. Na karatasi iliyopigwa muhuri haiongezwi neno. Hilo hata aliyefukuzwa darasa la tatu anajua. Felista akanyamaza. Kila mwaka wakati wa kufuta vumbi alilifungua jalada namba nne, akaitazama ile nafasi, akalifunga. Amefanya hivyo mara thelathini na nne.

Jumatatu hiyo hakula. Jumanne alijifungia masjala, akatoa karatasi, akatoa na kalamu nyeusi. Akaijaribu kwanza kwenye gazeti. Aliandika herufi ya kwanza ya lile jina. Jasho likamtoka kwapani kama mtu aliyepanda Mlima Rungwe kwa miguu. Halafu akaona jambo jingine: wino wa leo kwenye karatasi ya tisini ungeng'aa kama jino la dhahabu. Erasto angeuonyesha kwa furaha, na hospitali ingeitwa mwizi, na yeye ndiye angekuwa ameipa jina hilo. Akaichana ile herufi kutoka kwenye gazeti, akaikunja, akaitia mfukoni. Hata kuitupa kwenye ndoo ya taka aliona si heshima.

Angekuwepo Lugano, mumewe, angesimama akasema maneno mawili yakaisha. Lugano yuko chini ya udongo mwaka wa tisa huu. Sauti ya ukoo iliyobaki ni ya Erasto, mtoto wa mke mdogo, aliyeitwa mdogo wake Lugano hadi akawa mkubwa wa wote.

Jumatano asubuhi aliomba ruhusa, akapanda bodaboda hadi Kisiba kwa mzee Alinanuswe. Huyu ndiye tarishi wa zamani wa Ikisa, aliyekuwa akibeba barua kwa baiskeli na kuwatania wauguzi bila kubagua umri. Sasa miguu imemwacha, ulimi haujamwacha. Alimkuta ameketi barazani anamenya njegere.

"Ugonile, baba."

"Felista. Umenenepa. Hospitali mnapewa chakula cha wagonjwa?"

"Baba, nina shida."

"Najua. Hakuna mtu anayekuja Kisiba kuniangalia uzuri."

Akamweleza yote. Alinanuswe aliendelea kumenya njegere, na alipomaliza kusikiliza akauliza, "Ile karatasi ulinipa niijaze?"

"Sikukupa. Nilishikwa na uchungu."

"Basi, hiyo moja sikuijaza. Nyingine je?"

"Nyingine zipi?"

"Mwanangu, umezeeka kabla yangu. Mkwe wako hakulazwa pale? Hakulazwa mara tatu kwa kifua, na mara moja akapasuliwa? Nani alikuwa anaitwa masjala, 'Baba Alinanuswe, njoo uandike hapa', wewe unageukia ukutani? Miandiko yangu mibaya imo kwenye vitabu vyako. Mwalimu wangu alisema naandika kama kuku anayetafuta mchwa. Kamtafute huyo kuku."

Felista akaomba maji, akanywa, akaomba mengine.

"Utakuja Alhamisi, baba? Uwaambie."

"Kwa miguu ipi? Na nikija watasema mzee amelewa. Peleka vitabu. Kitabu hakinuki pombe."

Alasiri ile masjala ilifungwa kwa ndani. Prosper alipogonga na kufunguliwa, alikuta rejesta nne nene mezani na Felista akikata vipande vya boksi kwa mkasi. Ndipo mwanamke yule alipomfunulia ile nafasi tupu. Alisimama wima akisema, mikono imeshika funguo ili zisilie.

Prosper aliigeuza karatasi, akaitafuta tarehe.

"Mama Tulia, hii ni miaka thelathini na nne."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa sababu ya jina?"

"Kwa sababu ya jina."

Mtu wa Moshi alijikuna kichwa. Kwao nako kuna miiko, lakini kila mtu mwiko wake unaonekana wa busara na wa mwenzake unaonekana kichekesho. Hakucheka, tumsifu. Alisema, "Rejesta za wagonjwa hazitoki nje ya hospitali. Watu wameandikwa magonjwa yao humu."

"Ndiyo maana nakata maboksi. Nitaziba magonjwa yote, na nusu ya kila jina la jirani. Itaonekana nusu ya mistari, mwandiko tu."

"Ikishindikana, nitalazimika kuandika taarifa. Na wewe una miezi miwili tu."

"Najua, Katibu."

Hilo ndilo Felista alilokwenda nalo nyumbani. Hakuna haja ya kukusimulia alivyolala, hakulala.

Baraza la kata lilikaa saa nne, kwenye chumba chenye bati lililokuwa likipigwa na mvua hivi kwamba kila mtu alilazimika kusema kama anauza samaki. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abbasi, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, kofia yake nyeupe imekaa sawa kama kifuniko cha chungu. Kati ya wajumbe alikuwepo Bibi Esnath, mkunga wa zamani, aliyekuwa amefumba macho, lakini msidanganyike, alikuwa macho kuliko wote. Mwenyekiti alifungua kwa kukumbusha kwamba baraza halifungi mtu, linapatanisha. Wasipokubaliana, shauri litapanda baraza la wilaya, Tukuyu, na kukaa huko miaka.

Erasto alisimama na shati jipya. Mtu wa maneno, huyo. Alipewa ile karatasi, akaisoma kwa sauti, akafika kwenye nafasi tupu, akanyamaza makusudi ili mvua isikike.

"Mzee nani?" akauliza. "Mimi mwenyewe ni Mwasubila. Hata mbuzi wangu ukimwuliza atasema ni Mwasubila. Pengine mimi ndiye niliyetoa, nikasahau."

Watu wakacheka. Felista akatazama sakafu.

"Aliyechapa yupo hapa," Erasto akaendelea, akamgeukia. "Shemeji, si ndiyo wewe? Herufi za kwanza za jina lako ziko hapa chini kwenye kumbukumbu namba. Basi rahisi. Taja jina la aliyetoa. Litaje hapa mbele ya baraza, mimi nikae."

Alijua asingelitaja. Alimwona mwanamke huyu akiingia kwenye migomba kwa miaka kumi na tatu hadi mzee alipofariki. Aliuliza akitabasamu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake ngazi huku ameshaondoa vidato.

Felista alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Prosper alimtazama, macho yake yakisema tafadhali. Felista akaona wodi ya wazazi, ndoo zimepangwa mlangoni. Hata hapo jina halikutoka.

"Haya," Erasto akasema taratibu, "mmeona."

"Tumeona," Bibi Esnath akasema, akafumbua macho. "Tumeona sana. Wewe Erasto, hawezi kumtaja nani?"

Erasto akaigeuza ile karatasi, akaigeuza tena.

"Nimekuuliza. Kuna wazee wangapi Masukulu huyu binti hawezi kuwataja? Mimi ananitaja. Mwenyekiti anamtaja. Mchungaji anamtaja mpaka anachoka."

Kicheko kilihama upande. Mzee Abbasi akagonga meza. "Bibi, ngoja. Mtu anaweza kunyamaza leo kwa faida yake. Tunajuaje kwamba hata mwaka wa tisini alinyamaza kwa sababu hiyo?"

Hapo Felista aliinuka. Alifungua rejesta ya tisini na mbili mbele ya mwenyekiti, maboksi yake yakiziba magonjwa, akaweka kidole kwenye ukurasa. Mzee Abbasi akavaa miwani. Ukurasa mzima ulikuwa wa mwandiko mmoja, wima, safi, kama mistari ya chai shambani. Isipokuwa mahali pamoja. Jina moja katikati liliandikwa na mtu mwingine, kwa wino wa kijani, herufi zimelala huku na huku.

"Huu mwandiko mbaya wa nani?"

"Wa Alinanuswe, tarishi wetu."

Akafungua ya tisini na tano. Mwandiko safi, halafu kuku wa Alinanuswe amepita palepale, kwenye jina lilelile. Ya tisini na saba, vilevile. Mwenyekiti alilamba kidole, akarudi nyuma, akaenda mbele, akahesabu kimoyomoyo. Wajumbe waliinuka wakamzunguka. Mwaka hadi mwaka, mamia ya majina mkono mmoja, na kila alipolazwa mzee yuleyule, mkono ulibadilika.

"Alimwita tarishi kila mara," akasema Mzee Abbasi, polepole. "Na mara hii moja hakumwita."

"Nilishikwa na uchungu wa Tulia," Felista akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza ndefu siku hiyo. "Kosa ni langu. Si la hospitali."

Kisha kutoka kwenye rejesta ya mwisho akatoa fomu ya kukubali kupasuliwa. Chini yake kulikuwa na jina kwa wino wa kijani na alama ya kidole gumba. Akailaza kando ya karatasi ya chemchemi. Uso wa mkwe wake hakuwahi kuutazama, lakini kidole hiki alikuwa amekitazama miaka thelathini na nne. Kwenye karatasi zote mbili kilikuwa na mstari mweupe uliokikata kwa mshazari, kama njia katikati ya shamba.

"Erasto," mwenyekiti akaita. "Njoo uone hiki."

Erasto alikuja akiwa na jibu tayari mdomoni. Aliinama. Akaugusa ule mstari mweupe kwa ncha ya kidole.

"Kovu hili ni la nini?" Bibi Esnath akauliza, kwa upole sasa.

"La panga," Erasto akasema. "Alikuwa anakata mkungu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeushika."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Sita. Niliuachia." Akajifuta uso kwa kiganja, ingawa bati halikuwa linavuja upande ule.

Mzee Abbasi alimpa karani wa baraza ishara ashike kalamu. "Basi mwenye kidole hiki, mtaje wewe. Shemeji yako hawezi, na sasa sote tunajua kwa nini."

Erasto alimtazama Felista. Felista alikuwa tayari amegeukia ukutani, kama zamani. Ndipo Erasto akalitaja, jina la ubatizo na la nyumbani, na karani akaliandika. Sisi hapa hatutaliandika. Felista mwenyewe yuko hai, na anasoma.

Erasto alisaini mapatano. Mstari wa mwisho unasema eneo la chemchemi lilitolewa na baba yake kwa wagonjwa wa Ikisa, na kwamba upande wa juu ni wake, apande parachichi mpaka ashibe.

Njiani kushuka, Prosper alikuwa mbele na rejesta zimefungwa kwenye nailoni, akizibeba kama mtoto mchanga. Taarifa aliandika, hakuweza kukwepa. Iliandikwa kwamba karani wa masjala alikiri upungufu mmoja, na upungufu umerekebishwa kwa mapatano yaliyoambatishwa. Felista mwenyewe ndiye aliyeambatisha, kwa pini, nyuma ya ile karatasi. Nafasi aliiacha tupu.

Lakini kabla ya hapo, kwenye njia ya migomba, Erasto alimfikia kwa nyuma akihema, shati jipya limelowa.

"Shemeji, kumbe nimekupeleka barazani ukanifanya tarishi wako."

Felista aliendelea kutembea. Funguo zikalia hatua kumi hivi kabla hajajibu.

"Tarishi wangu nilikuwa nampikia chai," akasema. "Njoo unywe."